Vampaya wa simulizi yako ageuke vipi: kuumwa, kunyweshwa damu, sumu, laana au ugonjwa?

Simulizi yangu ya kwanza ya vampaya ilikufa sehemu ya 26, na aliyeiua ni msomaji mwenye kikokotoo. Nilikuwa narusha kwenye grupu la wasap, kipande kimoja kila siku saa tatu usiku, jamaa kashuka na basi la usiku pale Korogwe, kamuuma bodaboda, bodaboda kageuka, kesho yake na yeye kauma mtu, yaani mi nilikuwa najiona fundi kweli kweli. Dada mmoja akaniandikia: "Kaka, kila anayeumwa anageuka, na kila mmoja anauma mtu mmoja kwa usiku. Leo usiku wa 26. Sasa hao wanaouza chai stendi asubuhi wametoka wapi?" Chini yake akashusha hesabu. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanne, wanne wanane, usiku wa 10 wameshafika 1,024, usiku wa 20 ni 1,048,576, na usiku wa 26 ni 67,108,864. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima. Maana yake nchi imeisha na kuna vampaya milioni tano wanavuka mpaka wa Namanga na njaa.

Sikuwa na jibu. Nilifuta, nikakaa kimya kama mwezi hivi, nikarudi kusoma na kuangalia upya vitabu na muvi za vampaya, safari hii kwa jicho la fundi, maana wenzetu wa Uingereza wanaandika mambo haya tangu 1819 na lazima kuna kitu wanakijua. Nilichokuta ni kwamba namna mtu anavyogeuka imebeba nusu ya stori. Ukishachagua njia umeshachagua nani atalia, nani atalaumiwa na stori itafika sehemu ya ngapi, hata kama mwenyewe hujajua bado. Kwa hiyo we uliyekwama hapo, una vampaya wako mzuri kichwani ila hujui wa pili atapatikanaje, hii ni yako. Nitaharibu mwisho wa muvi kadhaa, tusameheane mapema.

Tunapima kwa vitu gani

Vitano. Cha kwanza ridhaa: nani alikubali, na alikuwa na akili zake timamu alipokubali? Cha pili muda, toka anaguswa mpaka anaamka ni dakika, siku tatu au miezi? Cha tatu bei, anapoteza nini na kama kuna kurudi nyuma. Cha nne hesabu, ile iliyonizika mimi. Cha tano naita kamba: akishageuka, kuna kitu kinamfunga na aliyemgeuza au kila mtu anashika njia yake?

Usiruke cha kwanza. Ukishajibu ridhaa, vingine vinajipanga vyenyewe.

Kuumwa tu

Hii ndo ya kibanda umiza, kila mtu anaijua, meno mawili shingoni na kesho yake mtu mwingine. Mfano wake mkubwa ni Lucy wa kwenye Dracula ya Bram Stoker, kitabu cha 1897. Lucy ana tabia ya kutembea usingizini, Dracula anamkuta hivyo Whitby, mji wa pwani ya Uingereza, anamuuma, na anaendelea kumrudia kwa zaidi ya mwezi, binti anazidi kupauka na nyumbani hawaelewi. Wanaume wanne wanamtolea damu kwa zamu, mchumba wake Arthur, daktari Seward, profesa Van Helsing na Mmarekani Quincey Morris. Hapa huwa nacheka peke yangu, kwa sababu makundi ya damu Landsteiner aliyatangaza 1901, miaka minne baada ya kitabu, kwa hiyo wamemchanganyia binti wa watu damu za wanaume wanne bila kupima chochote, na mi mpaka leo sijui vizuri kilichomuua ni Dracula au ni matibabu. Anyway, Lucy anafariki Septemba, anazikwa, na muda si mrefu watoto wa Hampstead, kule London, wanaanza kupotea jioni na kurudi na vidonda vidogo shingoni.

Ridhaa hapo sifuri. Muda ni wewe tu, Stoker kachukua wiki kadhaa, Sinners ya Ryan Coogler ya 2025 inachukua dakika chache, mtu kaumwa, kafa, kainuka anacheka. Bei ni nafsi yote, aliyeinuka ana sura ya yule ila siyo yule, na kurudi hamna, dawa ni kigingi tu. Na Stoker ni katili, anayepewa nyundo ya kumpigilia Lucy ni Arthur mwenyewe, mchumba wake.

Sasa hesabu, ndo ugonjwa wa njia hii. Ila nimeona wakubwa wanaitibu kwa namna tatu. Wapo wanaofanya kuumwa kuwe kifo tu kwa wengi na kugeuka kuwe kwa wachache, kuanzia yule Lord Ruthven wa Polidori wa 1819 ambaye wanawake anaowaua wanakufa na kubaki wamekufa, na Nosferatu ya 1922 nayo ni hivyo hivyo, anakuja na panya na tauni na watu wanazikwa basi. Wapo wanaofunga stori ndani ya usiku mmoja: Sinners iko Mississippi 1932, karibu mambo yote yanatokea ndani ya siku moja na usiku wake, jua likichomoza hesabu karibu yote inafutwa. Na yupo Stephen King kwenye 'Salem's Lot ya 1975, yeye aliiangalia hesabu usoni akasema sawa, acha mji uishe, na mji mdogo wa Maine unaisha nyumba kwa nyumba mbele ya macho yako. Hapo hesabu ndo imegeuka kuwa stori.

Kamba huwa dhaifu, labda bwana na watumwa wake. Sinners wameifanya tofauti, walioumwa wanashirikiana kumbukumbu, anachojua mmoja wanajua wote, wanaimba wimbo mmoja wakiwa nje mlangoni na wanakuita kwa upendo kabisa. Ile inatisha kuliko meno.

Inamfaa mwandishi wa stori fupi, ya usiku mmoja, ya kukimbia. Kama unataka sehemu 80, itakuua kama ilivyoniua.

Kunyweshana damu

Mi naikubali sana hii kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Utaratibu: vampaya anakunywa mpaka unakaribia kufa, halafu anajikata na wewe unakunywa kwake. Damu imekwenda na kurudi. Watu wanadhani ni ya kisasa lakini imo kwenye kitabu kile kile cha Stoker. Mina, rafiki yake Lucy, Dracula anamkuta chumbani usiku, mumewe Jonathan kalala pembeni kama mzigo, kashikwa na usingizi wa kichawi. Dracula anajichana kifuani kwa ukucha, anamshika Mina mikono kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, anamkandamiza uso pale kwenye kidonda, na Stoker anaandika kwamba ilifanana na mtoto anayemsukuma paka mdogo pua kwenye kisahani cha maziwa ili anywe. Kisahani cha maziwa jamani. Baada ya hapo Van Helsing anamgusa paji la uso na hostia, ule mkate mtakatifu wa kanisani, ili kumbariki na inamuunguza, inabaki alama nyekundu. Ila Mina hajafa, kwa hiyo hajageuka kabisa, na Dracula akiuawa alama inafutika. Ona tofauti, Lucy hakuwa na pa kurudi, Mina alikuwa napo, na nusu ya pili ya kitabu ni mbio za kuwahi. Njia ya kunyweshana imempa Stoker saa ya ukutani.

Ukija kwa Anne Rice, Interview with the Vampire ya 1976, ridhaa ndo inakuwa tamu. Louis yuko Louisiana 1791, kafiwa na mdogo wake, anajilaumu, analewa na anatafuta kufa. Lestat anamjia na Louis anakubali. Sasa niambie, mtu anayetafuta kufa akikubali kitu, kakubali kweli? Kitabu kizima ni Louis analalamika juu ya jibu lake mwenyewe na ndo maana hachoshi, angekuwa kalazimishwa angekuwa analaumu tu.

Halafu Claudia. Louis anataka kuondoka, Lestat anaona atabaki peke yake, anamgeuza mtoto yatima, kwenye kitabu ana miaka mitano, ili Louis asiondoke, yaani ni wale wale wanaozaa ili ndoa isivunjike. Na inafanya kazi, miaka mingi wanaishi kama familia. Ila akili ya mtoto inakua na mwili haukui. Kwenye muvi ya 1994 kuna pale anachukua mkasi anakata nywele zake zote, zile za kupinda pinda kama mdoli, anageuka kwenye kioo na zimeshaota upya, vile vile, na anapiga ukelele, halafu anawauliza wale wanaume wawili nani kati yenu alinifanya hivi. Kama unataka kuonyesha bei ya kutozeeka, soma au angalia pale kabla hujaandika mstari hata mmoja.

Kamba ndo nguvu ya njia hii. Wazee wetu walikuwa wanachanjiana wakawa ndugu wa damu kwa sababu hiyo hiyo, damu ikishapita kwa wawili hamuwezi kujifanya hamjuani. Kwenye tamthilia ya True Blood (2008 mpaka 2014) aliyekugeuza ni kama mzazi mwenye amri, akikuamuru kwa jina la uzazi wake mwili wako unatii hata kama moyo hautaki, na siku ya kugeuzwa mnafukiwa ardhini pamoja, wewe na yeye, mpaka usiku unaofuata. Kuna binti anaitwa Jessica, kanyakuliwa kutoka familia ya dini kali, na vampaya Bill kalazimishwa na hakimu wa vampaya amgeuze kama adhabu ya kosa lake Bill. Mgeuzaji hakutaka, mgeuzwaji hakutaka, na wote wawili sasa wamefungwa kamba moja. Unaona stori inavyojiandika?

Kuna tawi lake lingine ambalo Vampire Diaries (2009 mpaka 2017) ndo wameling'arisha: damu ya vampaya inaponya, ukinywa inakaa mwilini kama siku moja, na ukifa ikiwa bado imo unaamka, halafu una kama saa 24 za kunywa damu ya mtu au ufe moja kwa moja. Mwanzoni mwa sizoni ya pili Caroline yuko hospitali kapata ajali ya gari, vampaya Damon anajitolea kumpa damu apone, rafiki yake Caroline anasema mpe, anapewa, anapona. Usiku vampaya mwingine, Katherine, anaingia wodini, anachukua mto, anamziba pumzi. Basi. Damu ilitolewa kwa upendo, kifo kimetolewa kwa uadui, na vampaya kapatikana kutoka kwa watu wawili ambao hawakupanga pamoja. Na ridhaa wameihamishia mwisho: umeshaamka, sasa unakunywa au hunywi? Kwa anayeandika simulizi za mfululizo hii ni mgodi, maana kila anayewahi kuponywa ni bomu linalotembea.

Hesabu kwenye njia hii inajitunza yenyewe, hakuna anayegeuzwa kwa bahati mbaya ya chakula cha jioni, lazima mtu akutake au akuchukie vya kutosha kujikata. Kwa hofu tupu haifai sana lakini, ni ya polepole, inataka maneno mengi kati ya watu wawili, na msomaji aliyekuja kuogopa ataona umemletea tamthilia ya mapenzi.

Sumu

Twilight, 2005, na msije kucheka maana ufundi wake ni mzuri kuliko watu wanavyokubali. Kwenye zile riwaya meno yana sumu, ikiingia inasambaa, na mwili unaungua kwa karibu siku tatu mpaka moyo unasimama. Ridhaa inaweza kuwepo au isiwepo. Carlisle ni vampaya anayefanya kazi ya udaktari Chicago 1918, homa ya mafua inaua watu, mama yake Edward akiwa anakufa anamsihi daktari amwokoe mwanae kwa njia yoyote, na daktari anafanya alichoweza. Edward ana miaka 17, hakuulizwa. Bella, binti anayependana na Edward, yeye aliomba mwenyewe kwa vitabu vitatu mfululizo, na ilipofika (kitabu cha mwisho, 2008) Edward anampiga sumu kwa bomba la sindano moja kwa moja kwenye moyo kwa sababu uzazi ulikuwa unamuua.

Kurudi nyuma kupo ila dirisha ni dogo. Bella aliwahi kuumwa mkononi kabla, na Edward akainyonya ile sumu ikatoka. Ni kama tulivyokuwa tunaambiwa kijijini mtu akiumwa na nyoka, kitu ambacho hospitali siku hizi wanakukataza kabisa, ila kwenye riwaya kimefanya kazi. Na lile tukio ni zuri kwa sababu ili kumwokoa lazima aonje damu anayoitamani kuliko zote na aache.

Hapo ndo siri ya hesabu yao: vampaya wengi wakishaonja hawawezi kuacha, wanamaliza mtu, kwa hiyo sumu haipati nafasi ya kumgeuza. Wachache wenye kujizuia ndo wanaoongeza familia. Kamba ni ya hiari, wanaishi pamoja kama ukoo kwa sababu wamependa. Bei ndo inapopungua makali, unaamka mzuri, tajiri, mwenye mbio, na msomaji mkali atakuuliza sasa hasara iko wapi. Inafaa stori ya mapenzi yenye mwisho mwema na mwandishi ambaye maumivu anayotaka ni ya siku tatu.

Laana na mambo ya kaburini

Hii ndo ya zamani kuliko zote. Huko Balkani na Romania kabla hakujawa na riwaya, mtu aligeuka kwa sababu paka kamruka akiwa maiti, au kazaliwa wa saba, au kwa Wagiriki katengwa na kanisa akazikwa hivyo. Hakuna aliyemuuma. Kuna kesi maarufu ya Serbia, mtu anaitwa Arnaut Pavle wa kijiji cha Medveđa, alikuwa anasimulia kwamba vampaya aliwahi kumsumbua na akajitibu kwa kula udongo wa kaburi la yule vampaya na kujipaka damu yake. Baadaye akaanguka kwenye mkokoteni wa nyasi akavunjika shingo akafa. Watu wakaanza kulalamika anawasumbua usiku, wakamfukua siku kama 40 baada ya kufa, wakampigilia kigingi. Madaktari wa jeshi la Austria waliandika ripoti 1732 na hiyo ripoti ndo ilisambaza neno vampaya Ulaya magharibi, magazeti yakalichukua na hawajaliacha mpaka leo.

Kwenye hadithi za kubuni, muvi ya Coppola ya 1992 inamfanya Dracula amtukane Mungu. Karudi vitani kakuta mke kajiua, padri anamwambia roho yake imepotea, anachoma msalaba kwa upanga, damu inamiminika, anakinga na kikombe na kunywa. Kitabuni haipo hiyo, mle Van Helsing anasema Dracula kasomea Scholomance, shule ya shetani milimani, ambayo kila wanafunzi 10 shetani anamchukua mmoja kuwa malipo yake. Ada ya mwisho, hamna kupunguziwa.

Ridhaa hapa ina sura ya ajabu: au amechagua kwa hasira dakika moja na kujuta miaka 400, au hakuchagua chochote ni paka tu. Muda ni papo hapo au siku za kaburini. Hesabu haina shida, laana ni ya mtu mmoja, ndo maana inafaa sana kwa vampaya wa kwanza, yule babu yao, hata kama wengine wote utawageuza kwa njia nyingine. Kamba ni kati yake na Mungu, au na aliyemlaani. Angalia Blacula ya 1972, mwana wa mfalme wa Kiafrika, Mamuwalde, kaenda Ulaya 1780 kumuomba Dracula asaidie kukomesha biashara ya utumwa, Dracula anamuuma, anamlaani kwa jina lake, anamfungia kwenye jeneza. Meno yapo lakini kinachouma ni lile jina alilobandikwa.

Tawi dogo: Dracula Untold ya 2014, Vlad anaenda pangoni kunywa damu ya vampaya mzee ili apate nguvu za kuwapiga Waturuki, anapewa siku tatu, akivumilia asinywe damu ya mtu anarudi binadamu, akishindwa ndo basi. Mkopo wa simu kabisa ule.

Njia hii inataka stori yako iwe na dini inayofanya kazi. Ukishaiweka, msomaji wa kwetu hana shida, laana anaielewa haraka kuliko virusi. Ukitaka shujaa aliyelaaniwa kwa kosa lake mwenyewe hapa ndo kwako. Ukitaka wengi, tafuta kwingine.

Ugonjwa

I Am Legend, riwaya ya Richard Matheson ya 1954, iache ile muvi ya Will Smith kwanza. Robert Neville kabaki peke yake Los Angeles, mchana anatafuta walipolala anawaua, usiku wanamzunguka nyumba wanamuita kwa jina. Badala ya kusali anaenda maktaba, anatafuta darubini, anajifunza damu mwenyewe mpaka anampata bakteria. Kila kitu cha zamani anakitafutia sababu, mpaka msalaba. Anauliza, kwa nini Myahudi aogope msalaba? Na kweli jirani yake wa zamani, Ben Cortman, msalaba haumtishi, Torati ndo inamtisha. Nilivyosoma pale nikaweka kitabu chini nikawaza Tanga, Mombasa, Unguja, yaani simulizi zetu tunaweka misalaba tu kama vile vampaya wote wamebatizwa.

Ridhaa hamna, na hamna hata wa kumlaumu. Muda unategemea ugonjwa. Bei inaweza kuwa ndogo, maana ugonjwa unaweza kutibika au kuzoeleka, na ndo mwisho wa kile kitabu unakuja kukugeuzia meza. Hesabu ndo raha yenyewe, ni mlipuko na unautaka ulipuke. The Strain, ya del Toro na Hogan ya 2009, inaanza na ndege imetua uwanja wa JFK, New York, taa zimezima na karibu abiria wote wamekufa, na ukijua maiti zile zinarudi nyumbani kwa familia zao unajua kabisa wiki ijayo New York itakuwaje. Kamba kwa kawaida haipo, ndo udhaifu wake, bakteria hana kisa na wewe. Inamfaa anayependa kutafiti, na asiyependa kuulizwa maswali ya dini.

Kuzaliwa

Fupi. Blade wa Wesley Snipes (1998), mama kaumwa akiwa mjamzito, mtoto katoka nusu nusu. Octavia Butler kwenye Fledgling (2005) kaenda mbali zaidi, wake ni viumbe wengine kabisa na binadamu hageuki hata umfanyeje, anaweza tu kuwa mraibu wa kuumwa nao. Hesabu safi, ridhaa haihusiki, ila unapoteza lile tukio la kugeuka ambalo wasomaji wengi wamelifuata. Inafaa stori za ukoo, za kutokukubalika huku wala huku.

Na mumiani je?

Kuna atakayeniuliza, kwa nini uende kote huko wakati tuna mumiani. Nimemfikiria. Enzi za mkoloni, Nairobi, Kampala, Dar, watu walikuwa wanasema wazimamoto wanakamata watu usiku kuwanyonya damu, na mwanahistoria Luise White kaandika kitabu kizima juu ya hizo habari mwaka 2000. Lakini uangalie vizuri, katika zile habari hakuna anayegeuka. Aliyenyonywa anakufa au anapotea. Mumiani haumwi, mumiani anaajiriwa: ana bosi, ana gari, ana mshahara. Kwa hiyo huwezi kumweka kwenye mizani hii, ila kama stori yako ni ya mtu anayekubali kazi mbaya kwa sababu ya njaa, mumiani ana kitu ambacho vampaya wote hapo juu hawana.

Uko upande gani?

Unaandika kipande kimoja cha kutisha, kuumwa, na funga mlango kabla jua halijatoka. Unaandika mapenzi ya sehemu nyingi na unataka watu wawili wasioweza kuachana, kunyweshana, na amua mapema nani alisema ndiyo. Unataka fumbo, nani kamgeuza dada yetu, chukua lile tawi la damu kwanza kifo baadaye, mpe damu sehemu ya 3 na mto sehemu ya 9. Unataka mapenzi yenye mwisho mwema, sumu. Una mhusika mmoja mwenye dhambi kubwa, laana. Unataka mji mzima uanguke, au una wasomaji wa dini mbili na hutaki ugomvi kwenye komenti, ugonjwa. Na kuchanganya ruksa, wa kwanza laana, wa pili mpaka wa mwisho kunyweshana, ilimradi usibadilishe sheria katikati, maana wasomaji wa siku hizi wana vikokotoo.

Na kama bado hujui, acha kuandika anavyoumwa, andika kwanza anavyoamka. Kafumbua macho, pembeni kuna nani? Hamna mtu, ni giza na harufu ya udongo, hiyo ni laana. Wodi nzima imeamka naye, ni ugonjwa. Wengi wamesimama wanatabasamu kwa pamoja, kaumwa. Mi wa kwangu kaamka kamkuta mama yake kakaa kwenye kigoda, kiganja kimefungwa kipande cha khanga, kikombe kiko chini, na mama anamuuliza unajisikiaje mwanangu. Naanza kurusha Ijumaa saa tatu usiku. Yule dada wa kikokotoo nimeshamtumia sehemu ya kwanza aikague, kaniuliza swali moja tu: huyo mama, yeye alinyweshwa na nani?